Namna nilivyopata idadi ya pomboo ambayo hakuna aliyeweza kuipangua

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza kukadiria idadi ya pomboo ulikuwa huu: nenda wanakoonekana, hesabu, rudi. Niliufuata msimu mzima, na takwimu za msimu ule zote nilizitupa. Nauandika hapa kwa sababu hadi leo wanaokabidhiwa mashua na darubini kwa mara ya kwanza wanapewa ushauri uleule.

Ukienda wanakoonekana unapima msongamano wa pale wanapojazana, kisha unauzidisha kwa eneo zima ambalo sehemu yake kubwa ni tupu. Mistari ya msako, yaani njia ambazo mashua itafuata, hupangwa kabla mashua haijang'oa nanga, bila kujali pomboo wako wapi. Mimi huchora mistari sambamba yenye nafasi sawa, inayokata kutoka maji mafupi kwenda kwenye kina, na pa kuanzia mstari wa kwanza napapata kwa kura. Kamwe usiendeshe sambamba na ufuo, maana mstari mmoja utajaa na wa pili utatoka mtupu. Nisipopata mistari 15 najua kazi itakuwa na taabu. Mistari mitatu mirefu inaweza kukupa kilomita zilezile, lakini tofauti kati ya mstari na mstari ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mashaka ya makadirio, na kwa mistari mitatu huwezi kuipima. Kuhusu gharama nitasema tu kwamba mafuta hula fedha kuliko vifaa vyote vikijumlishwa, hivyo usianze na bajeti ya siku za bahari shwari pekee.

Hesabu yenyewe ni fupi. Chukua idadi ya makundi uliyoyaona, zidisha kwa wastani wa pomboo katika kundi, gawa kwa eneo ulilolipekua. Unapata msongamano, nao unauzidisha kwa eneo zima. Eneo hilo ni urefu wa mistari yote mara mbili ya upana ambao kweli uliuona vizuri upande mmoja. Upana huo ndio roho ya kazi nzima. Hupatikana kwa kupima, kwa kila kundi, umbali wa pembe mraba kutoka mstari wa mashua hadi pale kundi lilipoonekana mara ya kwanza. Makundi yaliyo karibu na mstari huonekana karibu yote, ya mbali hupungua kidogo kidogo, na umbo la upungufu huo ndilo linalokuambia umekosa mangapi. Unahitaji makundi 60 hadi 80 ili umbo litulie. Ukipata 25, usilazimishe. Changanya misimu, mradi vyombo na watazamaji ni walewale.

Umbali huo haupimwi moja kwa moja. Unapima umbali wa kutoka machoni hadi kwa mnyama, na pembe kati yake na mwelekeo wa omo, yaani mbele ya mashua, kisha unazidisha umbali kwa sini ya pembe. Hapa ndipo tulipoharibu msimu wa pili, na ni kosa ambalo halionekani mpaka urudi nchi kavu.

Watazamaji walikuwa makini, wenye macho mazuri. Lakini walikisia pembe kwa jicho, na jicho la binadamu hupenda namba za mviringo: 0, 10, 20, 45. Kundi lililo kwenye nyuzi 6 likaandikwa "mbele kabisa", yaani 0. Kwa mnyama aliye mita 400, nyuzi 6 ni mita 42 kutoka mstarini, na nyuzi 10 ni karibu mita 70. Ukiandika 0, wote hao wanahamia juu ya mstari. Nilipochora grafu ya umbali niliona mnara mmoja mrefu kwenye sifuri, kisha shimo, kisha vilima vidogo. Programu ikiusoma mnara ule inaelewa kwamba tulikuwa tunaona vizuri mita chache tu kila upande. Upana unasinyaa, na ukisinyaa idadi inapanda. Niliambiwa niutumie mchoro unaoshuka ghafla kutoka sifuri ili ufuate mnara, eti ndio unaolingana na data. Hapana! Mchoro ukifuata kosa, unalipa kosa jina la kitaalamu tu. Kilichowezekana kuokolewa nilikiokoa kwa kuweka umbali katika mafungu mapana, fungu la kwanza likiwa pana vya kutosha kumeza mnara na shimo lake. Kilichobaki kikatupwa.

Dawa yake ni bao la pembe. Kata duara la mbao, gawanya ukingo kwa nyuzi moja moja, funga mshale unaozunguka katikati, kisha kaza bao kwenye reli na sifuri ikitazama omo barabara. Hakikisha sifuri hiyo bandarini kwa kulenga kitu kilicho mbali huku mashua imenyooka. Mtazamaji haruhusiwi kutaja namba kutoka kichwani. Anaelekeza mshale, anausoma, anamwambia karani. Ukiona pembe zinazoishia na 0 au 5 zimezidi zile za 3 na 7 mwisho wa siku, ongea na watazamaji jioni hiyohiyo, usingoje wiki iishe.

Umbali nao una hila zake. Darubini ya 7x50 yenye vijistari ndani hukupa umbali kwa kuhesabu vijistari kutoka upeo wa macho kushuka hadi mnyama, lakini inategemea urefu wa jicho lako juu ya maji. Jicho likiwa mita 4 juu, mnyama wa mita 500 yuko karibu milirediani 7 (kipimo kidogo cha pembe) chini ya upeo, na wa mita 1,000 karibu 3. Ukidhani uko mita 4 kumbe uko 3, umbali wote wa karibu umeongezeka kwa zaidi ya robo. Pima kwa kamba, jicho la kila mtazamaji peke yake, akiwa amesimama mahali pake, tangi za mafuta zikiwa nusu. Kisha fanyeni zoezi la boya: tupa boya lenye GPS, izunguke mashua, kila mtu akisie bila kusikia mwenzake, linganisha. Nusu siku ya zoezi hili ilitufaa kuliko wiki ya mihadhara.

Tatizo jingine ni tabia ya pomboo wenyewe. Aina nyingi hupenda kuja kucheza kwenye mawimbi ya omo. Ukiwaona baada ya wao kukuona, umepima mahali walipokuja, si walipokuwa, na idadi inavimba. Nyangumi wadogo wenye haya hufanya kinyume, hukwepa, na idadi inapungua. Nilichofanya ni kugawa macho. Mtazamaji mmoja anatumia darubini tu na anapekua mbali, mita 600 na kuendelea. Wawili wanatumia macho matupu karibu. Wale wawili hawaambiwi alichoona wa kwanza. Kundi aliloliona wa mbali linafuatiliwa, na tunaandika kama wale wa karibu walilipata au walilikosa. Jambo hili linatibu magonjwa mawili kwa pamoja: unapata mahali pa kundi kabla halijageuka, na unapata sehemu ya makundi yanayopita juu ya mstari bila kuonekana. Usidhani sehemu hiyo ni ndogo. Nyangumi spermu hukaa chini dakika 45 au zaidi, na nyangumi mdomo wa Cuvier amewahi kurekodiwa akipiga mbizi moja ya dakika 222. Mashua inapita, mnyama yuko chini, karatasi inaandika sifuri.

Hali ya bahari sina mjadala nayo. Kwa pomboo nasimamisha kazi ikizidi 3 kwenye kipimo cha Beaufort, kile cha upepo na mawimbi. Kwa pomboo wadogo wasioruka, wale wa aina ya popoisi, mwisho ni 2. Nyangumi wakubwa wanavumilia hadi 5. Watazamaji wabadilishane nafasi kila dakika 30 au 40.

Kwa kundi dogo la pwani, mistari haitoshi. Utaendesha mwezi mzima uone makundi 12. Hapo picha hufanya kazi vizuri zaidi. Pezi la mgongoni hubeba mikato na mapengo ambayo hubaki miaka mingi. Kasi ya kamera iwe 1/1000 ya sekunde au ya haraka zaidi, mashua iwe sambamba na kundi ili pezi litoke pembe mraba, na piga kila mnyama, si wale wenye alama nzuri tu. Hili la mwisho watu hulipuuza kwa sababu pezi laini halina sura, lakini ukiwaacha hutajua ni sehemu gani ya kundi isiyo na alama.

Tuseme raundi ya kwanza umetambua 45, ya pili 50, na 30 kati yao ni walewale. Ongeza moja kwa kila namba: 46 mara 51, gawa kwa 31, toa 1. Unapata karibu 75 wenye alama. Kama 60% ya mapezi yana alama, kundi zima ni kama 124. Sasa angalia uzembe unavyogharimu: ukishindwa kulinganisha picha 5 tu zilizokuwa za wanyama walewale, 30 inakuwa 25 na kundi linakuwa 149. Pomboo 25 wamezaliwa mezani. Kwa hiyo ubora wa picha hupangwa kwanza, na mtu asiyejua ni mnyama gani, picha mbovu zinatolewa hata kama unamfahamu mnyama, na kila ulinganisho hurudiwa na macho mengine.

Ukishapata idadi, swali linalofuata ni wangapi wanakufa kwa mkono wa binadamu, na hapo nyavu za jarife, zile za kutega na kuachwa majini, ndizo za kuangalia kwanza. Mizoga ufukweni haitoshi, kwa sababu mingi huzama au huchukuliwa na mkondo. Mzoga ukipatikana mbichi, tafuta mistari myembamba ya uzi kwenye kichwa na mbele ya mapezi, mkia uliokatwa kwa kisu, na povu kwenye njia ya hewa. Andika kiwango cha kuoza kabla ya kuandika sababu ya kifo, kwa maana ngozi iliyoanza kubanduka hufuta alama zote za wavu.

Niliambiwa niwaulize manahodha moja kwa moja. Nikauliza: wavu wako umewahi kunasa pomboo? Wote wakasema hapana, na niliwaelewa kabisa. Nani atajibu ndiyo kwa mgeni mwenye daftari? Nikabadilisha mambo mawili. Kwanza nilianza na hasara yao: wavu uliraruliwa na nini, ulikuwa na urefu gani, uliachwa majini saa ngapi. Watu hueleza hasara kwa undani, na humo unapata urefu wa wavu na saa za kutega. Pili, nikaleta dadu na kikombe.

Nahodha anatikisa dadu, anaangalia peke yake. Ikitoka 1, anasema ndiyo bila kujali ukweli. Ikitoka 6, anasema hapana. Ikitoka 2 hadi 5, anajibu kweli. Mimi siijui dadu yake, kwa hiyo "ndiyo" yake haimfungi. Mwache aicheze mara tatu nne kwa swali la mchezo kabla ya swali lenyewe, mpaka aamini kwamba huoni. Uliza mtu mmoja kwa chombo, muda ulio wazi, mfano miaka 5, na uwe na picha za wanyama asije akachanganya pomboo na nguva. Tuseme kati ya 120, waliosema ndiyo ni 52. Watu 20 hivi walilazimishwa na dadu kusema ndiyo, 20 kusema hapana, 80 walijibu kweli. Ondoa 20, wamebaki 32 kati ya 80, yaani 40%. Kwa watu 120 mashaka yake ni kama 13% kila upande, hivyo usiitumie kwa manahodha 30.

Sasa weka namba mbili pamoja. Marekani, tangu sheria yake ya wanyama wa bahari ya 1972 ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1994, hutumia kikomo cha vifo: makadirio ya chini ya idadi, mara nusu ya kasi ya juu ya kuongezeka (0.04 kwa pomboo na nyangumi), mara kigezo cha tahadhari kati ya 0.1 na 1. Kwa kundi letu la 124 lenye kigawo cha mtawanyiko (kipimo cha mashaka ya makadirio) 0.2, makadirio ya chini ni 105. Zidisha kwa 0.02 na kwa 0.5: mnyama 1 kwa mwaka. Kama aina hiyo iko hatarini na kigezo ni 0.1, ni mnyama 1 kwa miaka mitano. Na dadu, hata ukichukua mwisho wake wa chini, 27% ya vyombo 120, inasema vyombo 32 kwa miaka 5; hata kila kimoja kikiwa kimenasa mmoja tu, ni zaidi ya pomboo 6 kila mwaka.

Kuna waliosema tungoje miaka kumi tuone kama idadi kweli inashuka. Vakita, popoisi mdogo wa Ghuba ya California, alikadiriwa kuwa 567 mwaka 1997. Mwaka 2015 walikuwa kama 59, chanzo kikiwa nyavu zilezile za kutega. Baiji, pomboo wa mto Yangtze, alitafutwa kwa wiki sita mwaka 2006, kwa macho na kwa haidrofoni (vinasa sauti vya majini), hakuonekana hata mmoja. Kundi likiwa dogo kiasi hicho, makadirio yenyewe hutawanyika mno, na ushahidi wa kushuka hufika baada ya wanyama kwisha. Ndiyo maana ukurasa wa kwanza wa ripoti yangu una namba mbili tu, kikomo cha vifo na vifo vinavyokadiriwa, kila moja na mipaka yake ya juu na chini. Mistari, pembe, mapezi na dadu viko nyuma, kwa atakayetaka kuhesabu upya.