Kiroba Kilichorudi Nasi

Ijumaa, usiku

Nimebandua chati. Ilikaa ukutani miaka minne, kushoto kwa ubao, na gundi imeondoka na rangi ya ukuta. Niliichora mwenyewe: pembetatu ya mishale mitatu inayofukuzana, namba katikati, na chini yake sentensi ya herufi kubwa: UKIONA ALAMA HII, PLASTIKI INAREJELEZWA. Kila darasa lililopita mikononi mwangu limenakili sentensi hiyo, na kila daftari nimelitia vema kwa wino mwekundu.

Leo nilikuwa na wanafunzi 38 kwenye kituo cha kuchakata plastiki. Niandike kabla sijalala, maana kesho nitakuwa nimeshajitungia toleo linalonipendeza.

Maandalizi yalianza wiki iliyopita. Kila mtoto aliagizwa aweke kando kila plastiki inayotumika nyumbani kwao kwa siku saba, aisuuze, ailete. Agizo la kusuuza lilitekelezwa na nusu ya darasa. Kufikia Alhamisi kona yetu ilikuwa inanuka maziwa yaliyochacha, na mwalimu wa chumba cha pili akaja kuuliza kama kuna kitu kimekufa. Tukajaza viroba vitano mpaka vikakataa kufungwa. Watoto waliapa kwamba ni kilo 50. Waliokuwa waangalifu walisema 30.

Mzani wa pale ulisema kilo 11 na kidogo.

Walidhani umeharibika. Mmoja akapanda juu yake kuuhakikisha, ukampa uzito anaoujua, akashuka kimya. Nilikuwa nimepanga mzani uchukue dakika mbili, ukachukua ishirini, na sijuti. Hapo ndipo walipoelewa kwamba anayelipwa kwa kilo lazima ainame mara nyingi mno ili kilo itimie, na kwamba chupa tupu ni hewa iliyovalishwa plastiki. Kabla hatujaondoka mzanini walikuwa wanazikanyaga chupa bila kuambiwa.

Mchambuzi aliyetupokea ni mama mtu mzima, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yake inakwenda kama ya mtu anayepepeta nafaka. Haangalii namba. Nilikuwa nimewafundisha watoto namba zote saba za aina za plastiki, wakazikariri kwa wimbo, na mama yule akawaambia kwa upole kwamba akisubiri kusoma namba jua litazama. Anasikiliza. Chupa ya maji akiiminya inalia kwa ukali, galoni ya sabuni inatoa sauti nzito, kama mlango wa kabati. Halafu anaigeuza kitako.

"Njooni, wanangu, mtazame hapa chini. Ina kidoto katikati?"

Ilikuwa nacho, kama kitovu. Kidoto hicho ni alama ya pale plastiki iliyoyeyuka ilipoingilia kwenye kalibu, na chupa za PET, plastiki ya chupa za maji, huwa nacho. Chupa ya PVC, plastiki ya aina nyingine yenye sura ileile ya kung'aa, mara nyingi huwa na mstari kitakoni badala ya kidoto, na ukiikunja inaacha mkunjo mweupe. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko ukucha, na tanuri lote linaitegemea. PET huyeyuka kwenye joto la nyuzi 250 hivi, na kwenye joto hilo PVC huwa imeshaungua na kutoa mvuke wa tindikali unaokula mashine na kuigeuza PET kuwa ya kahawia. Chupa chache zikipita bila kuonekana, mzigo mzima unashuka thamani. Kwa nusu saa iliyofuata watoto walipindua kila chupa waliyoishika. Najua nyumbani kwao leo hakuna chupa iliyopona.

Kwenye beseni la maji ndipo nilipoonea wivu kazi ya wengine. Wiki tatu nimefundisha densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake. Nimechora, nimeandika fomula, nimewapa zoezi, wakapata sifuri kwa utulivu mkubwa. Kijana wa mashine ya kusaga alimwaga majini koleo moja la vipande vya chupa na vifuniko vilivyosagwa pamoja, akakoroga kwa ubao, akasema "subirini". Vifuniko vikapanda. Chupa zikazama. Sentimita moja ya ujazo ya PET ina gramu 1.38 hivi, ya polipropilini ya vifuniko ina 0.9, na maji yako katikati yao kwa gramu moja. Darasa zima likapiga kelele kana kwamba limeingia bao.

Halafu binti mmoja, ambaye darasani huongea mara moja kwa muhula, akauliza: "Mjomba, kama zinazama, mbona mtoni zinaelea?"

Yule kijana akanitazama mimi. Nikamrudishia binti swali lake, akafikiri, akajijibu: kwa sababu zina hewa na zimefungwa. Kimya kidogo. "Kwa hiyo zilizopoteza kifuniko ziko chini. Hatuzioni." Sikuwa nimeandaa somo hilo. Sijui kama ningeweza kuliandaa.

Mashine ya kusaga nitaipitia haraka kama tulivyoipitia. Kelele, vumbi, mstari wa njano tulioambiwa tusiuvuke. Glavu tulizopewa zilikuwa za watu wazima na zilidondoka kila dakika. Watoto 38 kwa safari moja ni wengi mno, safari ijayo nitagawa makundi mawili hata kama mwalimu mkuu atanuna.

Sasa lile rundo.

Halikuwa kwenye ratiba ya ziara. Mvulana mmoja aliomba kwenda chooni, akapita nyuma ya banda, akarudi akikimbia: "Mwalimu, huku kuna nyingine nyingi!" Kabla sijamjibu, nusu ya darasa lilikuwa limeshamfuata. Nyuma ya banda kulikuwa na kilima kilichonipita urefu: vifuko vinavyong'aa ndani kama fedha, mirija, trei nyeusi, vikombe vyeupe vya povu, mirija ya dawa ya meno, vijiko. Msimamizi alijaribu kutugeuza kwa adabu, twende tuone marobota yaliyofungwa tayari. Watoto hawakugeuka.

"Hizi mtazisaga lini?" mmoja akauliza.

Msimamizi akaanza sentensi ndefu. Mama mchambuzi, aliyekuwa amekuja na ndoo yake, akaifupisha: "Hizi hazina mnunuzi."

Baadaye tulipata maelezo, na yalikuwa mazuri. Kifuko kinachong'aa kimegandishwa tabaka juu ya tabaka, plastiki ya aina moja, ya aina nyingine, na wakati mwingine utando wa alumini, na hakuna wa kuyabandua kwa bei inayolipa. Trei nyeusi zimetiwa rangi ya masizi, ambayo hunyonya mwanga wa infraredi unaotumika kwenye mashine za kuchambua, kwa hiyo hata kwenye viwanda vyenye mitambo ya kisasa trei hupita bila kuonekana. Kikombe cha povu ni hewa karibu chote, na darasa langu lilikuwa limeshajifunza mzanini hewa inalipa kiasi gani.

Ila mvulana mmoja hakuwa anasikiliza maelezo. Alikuwa ameinama ukingoni mwa rundo na kikombe mkononi, akakipindua kitako kama alivyofundishwa, akanionyesha. Pembetatu, mishale mitatu, namba 6.

"Mwalimu, si ina alama?"

Hapa ndipo ninapotaka kusema ukweli, hata kama wa kusoma ni mimi na wachache. Nilikuwa najua. Miaka miwili iliyopita nilisoma kwamba mishale ile ilibuniwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani, Gary Anderson, kwa shindano la kampuni ya maboksi ya karatasi. Mwaka 1988 chama cha wenye viwanda vya plastiki cha Marekani kikaitumia mishale ya namna hiyo kuzungushia namba za aina za plastiki. Namba inasema kitu kimetengenezwa kwa nini, na haiahidi kwamba kuna mtu atakirejeleza. Mwaka 2013 kiwango rasmi cha kimataifa cha namba hizo kilibadilishwa, mishale ikaondolewa, ikabaki pembetatu ya kawaida. Nilisoma yote hayo, nikafunga kompyuta, na chati nikaiacha ukutani. Ilikuwa nzuri. Mkaguzi mmoja aliwahi kuisifia mbele ya wenzangu. Kuieleza upya kungehitaji vipindi viwili, nasi tulikuwa nyuma ya mtaala, kama kawaida.

Kwa hiyo nilimjibu pale pale, nimesimama kwenye taka: "Nilikufundisha vibaya."

Hakushtuka. Aliuliza swali la pili mara moja, ambalo ndilo lililoniumiza: "Basi sisi tuliandika nini?"

Ndani ya basi nikawapa hesabu niliyokuwa nimeikalia. Mwaka 2017 mtafiti Roland Geyer na wenzake walichapisha makadirio ya plastiki yote iliyowahi kutengenezwa duniani. Ya taka zote za plastiki zilizokuwa zimezalishwa kufikia mwaka 2015, karibu asilimia 9 ndiyo iliyorejelezwa, asilimia 12 ilichomwa, na asilimia 79 ilikuwa imerundikwa madampo au imezagaa tu. Asilimia haziwaingii watoto wa umri huu, nikatumia viti. Mkiwa nyinyi 38 ndio plastiki, watatu wa mbele simameni, nyinyi mmerejelezwa. Watano wanaofuata, mmechomwa. Wanaobaki 30, kaeni hivyo hivyo.

Wakaangaliana. Mmoja wa wale 30 akasema si haki. Mwingine akataka kubadilishana kiti na waliosimama.

Mwalimu mwenzangu aliniinamia baadaye na kuninong'oneza kwamba nawakatisha tamaa, watoto wapewe matumaini, mambo magumu watayakuta mbele. Namheshimu, na nimelifikiria jioni nzima. Lakini niliwatazama njiani kurudi, na sikuona nyuso zilizokata tamaa. Niliona ubishi. Viti vya nyuma walikuwa wanagombana kama mrija ni wa lazima. Viti vya katikati walikuwa wanahesabu vitu wanavyonunua ambavyo hufika vikiwa ndani ya vifuko vya kung'aa, wakaishiwa vidole. Mwenzangu alitaka mwezi ujao tutengeneze vyungu vya maua kwa chupa. Tutavitengeneza, ni kazi nzuri ya mikono na watoto wanaipenda, ila sitawaambia tena kwamba huo ni urejelezaji. Chupa iliyo chungu cha maua inasubiri zamu yake ya dampo ikiwa na udongo ndani.

Nimesahau kusema kuhusu viroba vyetu. Mama mchambuzi alitupitishia vyote vitano. Kazi hiyo ilimchukua muda ambao sisi tungeutumia kuvifungua tu. Vikatoka kilo 7 zenye mnunuzi. Zilizobaki zikajaza kiroba kimoja kikubwa, chepesi, chenye kelele ukikigusa. Msimamizi akasema tukiache tu, watakipeleka nyuma. Watoto wakauliza nyuma wapi, ingawa walijua. Kisha wakakataa. Walikibeba wanne wanne hadi kwenye basi, dereva akalalamika, kikasafiri kwenye kiti changu na mimi nikasimama.

Kipo darasani sasa, chini ya pale palipokuwa na chati. Jumatatu wataniuliza tukifanyie nini, na somo hilo bado sijaliandaa. Nilipokuwa natoka nimeona kuna aliyekiandika kwa kalamu nene ubavuni, herufi zimepinda kwa sababu kiroba hakitulii: MALI YA DARASA LA TANO. USITUPE.