Siku moja maishani mwangu: funguo za kabati shingoni

Saa kumi na moja alfajiri

Naamshwa na adhana, na ikinipita kuna jogoo wa jirani. Naishi Chikongola, hapa Mtwara mjini. Kazini ni nje kidogo ya mji, upande wa kwenda Mikindani, kwa hiyo nina bodaboda wangu wa kila siku ambaye ananiita sista na hachelewi. Msimu wa korosho umeanza. Mji umechangamka, magunia yako kila kona, na kila mtu anazungumzia bei ya mnada kana kwamba ana ekari hamsini.

Mimi ni muuguzi kwenye nyumba ya wazee. Wako 14, na tisa kati yao wana demensia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu ambao mtaani watu husema mzee amerudi utotoni. Wenye ulimi mkali husema ni mchawi, na mimi hugombana nao. Kuosha, kulisha na kubadilisha nguo tunasaidiana na wahudumu. Dawa ni zangu.

Saa kumi na mbili na nusu

Tunapokezana zamu. Mwenzangu wa usiku hanikabidhi funguo mpaka tuhesabu vidonge vile vya kufungiwa kufuli mbili. Diazepam, vile vya kutuliza na kulaza, jana vilikuwa 18, leo 18, tunasaini wote wawili. Mwanzoni niliona kama hatuaminiani. Siku hizi nikikuta mtu anasaini bila kuhesabu, nahesabu mbele yake polepole mpaka aone haya.

Usiku haukuwa mzuri. Bibi mmoja, ambaye humu ndani tunamwita Bibi Mavuno, aliamka saa nane usiku akajifunga khanga kiunoni, akataka afunguliwe geti aende kuokota korosho kabla watoto wa watu hawajamaliza. Alilala alfajiri.

"Dada, mwombee daktari amwandikie kitu cha kumtuliza," anasema mwenzangu. "Tutakufa sisi."

Namwelewa. Usiku wako wawili tu. Lakini haloperidol na ndugu zake, dawa za magonjwa ya akili ambazo wazee hupewa ili watulie, nazijua. Uingereza mwaka 2009 ilitolewa ripoti iliyokadiria kwamba wagonjwa wa demensia wapatao 180,000 kwa mwaka walikuwa wanapewa dawa za aina hiyo, na kwamba kulikuwa na vifo vya ziada vipatavyo 1,800 kila mwaka kwa sababu yake. Wengine hupata kiharusi, wengine hukakamaa na kuanguka. Kuna wagonjwa wanaozihitaji kweli, kwa muda mfupi na kwa kipimo kidogo, daktari akiwa anawafuatilia. Bibi anayetamani korosho Oktoba hayumo.

"Choo kikubwa amepata lini mara ya mwisho?" namwuliza.

Anafungua daftari. Leo siku ya nne.

Basi. Tumbo limejaa, hawezi kulisema, anatembea nalo. Nampigia daktari kuhusu choo, siyo kuhusu usingizi. Na yule mhudumu kijana namwambia jioni, jua likipoa, ampe bibi tenga tupu wazunguke naye chini ya ule mkorosho wetu mmoja. Wiki iliyopita tulijaribu kumpa kunde achambue. Alizitazama, akanitazama mimi, akaniuliza kama nimesoma kweli.

Saa moja na nusu

Mzunguko wa dawa za asubuhi. Hapa simu naiacha ofisini, na nikiwa nimeshika kikombe cha vidonge hakuna anayeruhusiwa kuniuliza sukari iko wapi.

Kila mzee ana karatasi yake ya dawa, na juu yake picha. Picha hizo zina historia, na si nzuri kwangu.

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii, kwenye nyumba nyingine, walikuwapo mababu wawili wenye jina moja. Nikasimama mlangoni nikaita jina. Mmoja akaitika naam. Nikamwuliza, "Wewe ndiye fulani?" Akasema ndiye. Nikampa glibenclamide ya mwenzake, dawa ya kushusha sukari. Yeye hakuwa na kisukari. Saa nne nikamkuta anatoka jasho la baridi, shati limeloa, anaongea maneno yasiyoungana. Kipimo cha sukari kikasoma 2.6, chini mno. Nilimpa maji ya sukari mkono wangu ukitetemeka, akapelekwa hospitali, akalazwa na dripu hadi kesho yake, kwa sababu dawa ile hushusha sukari kwa saa nyingi na unaweza kudhani umemwokoa kumbe itashuka tena. Alipona. Sikulala siku mbili.

Ndipo nilipojua kwamba mgonjwa wa demensia humwulizi jina kwa namna ya kumpa jibu. Ukimwuliza "wewe ni fulani?" atakubali, kwa adabu tu, kama mtu anavyokubali salamu asiyoisikia vizuri. Unamtazama uso, unatazama picha, unasoma karatasi, ndipo unafungua pakiti. Nilitaka sana kulinyamazia lile kosa, nakiri. Aliyekuwa msimamizi wangu aliniketisha akaniambia niandike kila kitu, kisha akaniambia kuhusu utafiti wa Uingereza, nao wa 2009, uliopita kwenye nyumba 55 za kulea wazee: kati ya wakazi 256, karibu saba katika kila kumi walikutwa na kosa moja au zaidi kwenye dawa zao. Wastani wa dawa ulikuwa nane kwa mtu. Hakuniambia hivyo ili nijisamehe. Aliniambia ili nitengeneze utaratibu.

Turudi leo. Bibi wa kitanda cha dirishani amekunywa vyake vizuri, maji glasi nzima, akanishukuru. Niko mlango wa pili nageuka, namwona anafungua pindo la khanga. Naenda kuketi pembeni yake.

"Shikamoo bibi. Una nini hapo?"

"Marahaba. Hela yangu."

Kwenye pindo kuna vidonge vitatu, kimoja kimeloa mate, viwili vimekauka na kushika rangi ya khanga, na sarafu ya shilingi mia. Anavibana shavuni, anangoja nigeuze mgongo, anaviweka akiba. Kwa hiyo zile tiki zangu za juzi na jana ni uongo, ingawa sikukusudia. Nabadilishana naye: namwachia mia yake, namwongeza nyingine, vidonge nachukua. Kwenye karatasi naandika ukweli na saa. Simpi vingine kufidia, kwa maana sijui kipi alimeza na kipi hakumeza. Napima presha, 168 kwa 94, namjulisha daktari. Kuanzia leo nasubiri mpaka aongee sentensi nzima baada ya kumeza, maana mtu mwenye kidonge shavuni husema "mmh" tu.

Halafu kuna Babu Nahodha. Alikuwa na jahazi zamani, pale Mikindani. Presha tu, amlodipine ya miligramu 5 mara moja kwa siku. Kila nikimfikia asubuhi alikuwa ananiinulia kiganja: "Nimefunga, mjukuu wangu." Rajabu, Shaabani, hata siku ya Idi pili, amefunga. Nikirudi baada ya nusu saa, nimefunga. Nikimtuma mwingine, nimefunga.

Mhudumu kijana, mwenye moyo mzuri kabisa, aliwahi kuninong'oneza, "Dada, kisage kiweke kwenye uji. Si saa nne akiiona chai anasahau kama amefunga?"

Hilo ndilo linalonikera kwenye kazi hii, kwamba ni rahisi hivyo. Vipo vidonge ambavyo ukivisaga unamdhuru mtu. Nifedipine ya kutoka polepole, kwa mfano, ukiiponda dawa ya saa nyingi inaingia kwa mkupuo na presha inaporomoka. Lakini amlodipine ya kawaida ingesagika, kwa hiyo sikuwa na pa kujificha kwenye famasia. Nilimwuliza yule kijana: babu yako akiwa na saumu, utamtilia maji kinywani akiwa amelala? Akanyamaza. Kumficha mtu dawa ndani ya chakula kunaweza kufika pahala pakahitajika, dawa ikiwa ni ya lazima na mgonjwa hawezi kabisa kuelewa. Hapo wanakaa daktari, familia na mfamasia, wanaandika, wanapanga siku ya kulitazama tena. Haliamuliwi jikoni na mtu mwenye mwiko.

Nilichofanya ni kuandika. Sikuandika "amekataa" peke yake. Niliandika amekataa, saa ngapi, amesema nini. Baada ya miezi miwili nikakaa na karatasi zile. Mara 31 amekataa, zote asubuhi. Jioni, siku zile chache nilizojaribu jioni, hajakataa hata mara moja. Nikampelekea daktari. Alicheka, akakata "asubuhi" akaandika "jioni", akasaini.

Saa tatu

Mzee wa chumba cha mwisho, ambaye jana mchana alikuwa akinitania, leo hamjui hata mkewe kwenye picha. Wengine wanasema demensia imepanda. Demensia haipandi kwa usiku mmoja. Mtu akibadilika ghafla, tafuta ugonjwa mwingine: mkojo, kifua, malaria, maji kupungua mwilini, dawa mpya. Kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha mistari miwili, yaani anayo. Daktari anaagiza ALu, dawa mseto ya malaria, nampa vidonge vinne kwa maziwa kwa sababu inahitaji mafuta ili iingie vizuri mwilini. Naandika kwa kalamu nyekundu: dozi ya pili baada ya saa nane, yaani saa kumi na moja jioni. Ya tatu ni kesho saa tatu. Hiyo dozi ya pili ndiyo watu huikosea, wanaipeleka usiku.

Saa nne na nusu

Mkazi mpya. Bintiye amemleta kwa bajaji na mfuko wa dawa. Namkaribisha chai kwanza, maana mtu anayemleta mama yake mahali kama hapa amekwisha kujihukumu njia nzima, na ukianza kwa maswali atadhani kesi imeanza.

Kisha tunamwaga mfuko mezani. Bahasha tisa. Nyingine zimeandikwa 1x2 bila jina la dawa, nyingine jina lipo wino umefutika kwa jasho. Pakiti mbili zina majina tofauti, moja la kibiashara, nikisoma yale maandishi madogo ni amlodipine zote mbili. Kaandikiwa kwenye zahanati mbili, naye binti kwa uaminifu amekuwa akimpa zote. Ndiyo maana mama anapepesuka akisimama.

"Na hizi?"

"Piritoni. Za kumsaidia alale. Jirani ndiye aliyenishauri."

Namweleza taratibu. Piritoni ni ya mafua na muwasho, usingizi ni pembeni. Kwa mzee mwenye kumbukumbu dhaifu inamzidishia kuchanganyikiwa, inakausha mdomo, inafunga choo, inazuia mkojo. Amitriptyline, iliyokuwa kwenye bahasha ya saba, ina tabia hizohizo. Simwambii aliharibu. Ninamwambia hakuna aliyemwambia, na huo ndio ukweli. Unga wa mlonge nao nauandika kwenye orodha pamoja na dawa nyingine, sicheki. Orodha nzima naipiga picha naituma kwa daktari, na mpaka ajibu, zile zenye shaka zinakaa kwenye boksi lenye jina lake, nje ya mzunguko.

Akiondoka anamshika mama yake mkono muda mrefu. Mama anamwuliza yeye ni mtoto wa nani.

Saa nane mchana

Umeme umekatika. Mkoa unaotoa gesi Msimbati, nasi tunajipepea kwa vifuniko vya ndoo. Joto la chumba cha dawa limefika 31 na vidonge vingi havitakiwi kuzidi 30, kwa hiyo nafungua dirisha la kivulini na kuandika. Friji siifungui. Chupa ya insulini inayotumika imo kwenye kijungu cha udongo ndani ya chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa maji. Ni mbinu ya bibi zetu ya kupozea maji, na inafanya kazi. Chupa ina tarehe niliyoifungua, na siku ya 28 naitupa hata ikiwa nusu.

Saa kumi na moja

ALu, vidonge vinne, maziwa. Joto lake limeshuka. Ameniuliza kama nimeolewa, kwa hiyo anarudi.

Nje, Bibi Mavuno na tenga lake wanazunguka mkorosho. Kijana anaokota majani, bibi anayakagua, mengine anayatupa: hayajakauka. Choo amepata saa tisa.

Saa kumi na mbili na dakika kumi

Adhana ya Magharibi. Babu Nahodha tayari ameketi barazani, kofia kichwani, ametazama upande wa bahari ingawa kutoka hapa haionekani. Namletea sahani: tende tatu, maji, kidonge kimoja. Natazama uso, picha, karatasi.

Anapiga bismillahi, anakula tende, anachukua kidonge mwenyewe kwa vidole viwili na kukimeza kwa maji. Nasubiri sentensi.

"Na wewe umefunga?" ananiuliza.

"Hapana, babu. Leo sikufunga."

Ananitazama kidogo, anasogeza sahani.

"Kula tu. Njaa haiulizi."

Nakula tende, nafuta vidole, nasaini. Kisha nakwenda kuhesabu diazepam na mwenzangu wa usiku. Ziko 18.