Neno "safi" lilivyotaka kutuua Mdaula

Kitambo hicho mi ni nesi kijana, natoka na gari la wagonjwa la hospitali moja siitaji jina. Saa nane usiku tukaitwa barabara ya Morogoro, ukishapita Chalinze kule Mdaula, lori la petroli limelala ubavu, mafuta yanatiririka mpaka mtaroni na dereva kabanwa miguu.

Kufika pale, trafiki ana redio yake, zimamoto wana zao, sisi tuna yetu kwenye dashibodi, na hakuna inayomsikia mwenzie, kila mtu na masafa yake. Yaani kila mmoja anaongea vizuri tu na wakubwa zake walioko mbali, ila na aliyeko kona ya pili hawezi. Mwalimu wetu aliwahi kutusimulia ya New York 2001, ile minara miwili iliyogongwa na ndege, helikopta ya polisi ikaonya kwamba mnara unaelekea kuanguka, polisi wakapata taarifa, zimamoto waliokuwa ndani ya mnara wa kaskazini haikuwafikia kwa redio. Nikaonaga ni mambo ya Marekani yale.

Mkuu wa zimamoto akanipa redio moja ya mkononi. "Sista, simu marufuku karibu na petroli. Kaa pale juu, we ndo utatupelekea maneno kwa trafiki." Basi nikakaa kilimani, redio mkono wa kulia, simu yangu ya tochi sikio la kushoto, trafiki yuko huko mbele kazuia foleni, mabasi ya usiku na malori yanapiga honi balaa.

Sasa zile redio ukibonyeza kitufe unaongea, husikii kitu, mpaka uachie. Nikawa nabonyeza, nasahau kuachia, nabonyeza tena. Mara redio ikakwaruza, "Sista unanisoma? Unanisoma?" Nikajibu kwa nguvu zote, "Safi afande! Safi kabisa!"

Simu ilikuwa bado sikioni.

Trafiki kasikia safi. Kwake yeye safi ni njia safi. Akaachia basi la kwanza.

Nilichoona ni taa mbili zinapanda kilima. Nikatupa simu, nikavua kitenge nilichojifunika baridi nikakimbilia katikati ya lami napunga kama kichaa, na kandambili moja imebaki kwenye majani. Basi lilisimama nikisikia joto la injini usoni, konda akafungua mlango ananitukana mpaka harufu ikampata puani, akanyamaza mwenyewe na kuanza kuwaambia abiria wazime sigara.

Dereva wa lori alitolewa karibu na alfajiri, mguu mmoja umevunjika, ila hai.

Yule trafiki tulikuja kuzoeana sana, mpaka leo tukikutana stendi ananiuliza, "Sista, mambo?" Namjibu nzuri afande.