Saksheni ikilegea, usianze na kiti chako

Hili jambo linanikera kwa sababu naliona kila mara. Saksheni, ile mitambo ya kunyonya mate na maji kwenye kliniki ya meno, ikilegea chumba cha nne, watu wanaanza kufungua kiti cha chumba cha nne, wanabadilisha ncha, wanapuliza mpira, fundi anaitwa anamaliza nusu siku pale, kumbe chumba cha pili mtu amerudisha mpira mkubwa, ule wa kunyonya kwa nguvu, kwenye hanga bila kufunga valvu na unanyonya hewa ya bure tangu asubuhi. Pampu ni moja jamani, anachoiba mmoja kinakosekana kwa mwenzake.

Kwa hiyo mimi naanzia kwenye pampu. Funga mipira yote vyumba vyote, soma geji. Ikisoma chini hata hapo, basi tatizo ni pampu yenyewe au kuna bomba linavuja. Ikisoma vizuri, fungua chumba kimoja kimoja huku mtu anaangalia mshale, na utakaposhuka kuliko kawaida hapo ndo pa kuchimba, mara nyingi ni oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, imekatika ndani ya valvu ya mpira, kitu kidogo kabisa. Na ujue geji inaweza kusoma vizuri huku hewa haipiti, kwa sababu mvuto na wingi wa hewa ni vitu viwili tofauti. Mpira mkubwa unahitaji hewa nyingi, kama lita 300 kwa dakika ndo unakamata ule ukungu wa dawa na mate kabla haujakufikia usoni.

Halafu kuna chujio la pale kwenye kiti. Lifungue uone mwenyewe, vipande vya amalgamu (ile dawa ya kuzibia meno yenye zebaki), pamba, kipande cha glavu, na ule uji wa kijivu wa dawa ya kusafishia meno umekauka pembeni kama saruji. Chumba chenye chujio la hivyo kitalia saksheni mbovu hata ukinunua pampu mara mbili ya ile. Tena usiligonge kwenye sinki wala pipa la kawaida, ile ina zebaki, iwekwe kwenye chombo chake chenye mfuniko. Hata kitenganishi cha amalgamu, kile kinachoikamata isiende kwenye maji taka, ambacho kwa kiwango cha ISO 11143 lazima kikamate angalau asilimia 95, kikijaa bila kubadilishwa kinaanza kuzuia vyumba vyote kwa pamoja.

Usafi wa jioni nao kila chumba kifanye, hata kama hakikuwa na mgonjwa. Maji ya baridi, mpira uingie majini utoke unyonye hewa uingie tena, ile michanganyiko ndo inakwangua bomba. Maji ya moto hapana, yanagandisha damu ndani ya bomba. Sabuni ya povu hapana, povu likifika kwenye pampu kavu, ile isiyotumia maji, unatafuta balaa. Klorini ndo usiiguse kabisa maana inaitoa zebaki kwenye amalgamu inarudi kwenye maji taka, Marekani wameikataza kwa sheria, dawa ya kusafishia mabomba lazima iwe pH kati ya 6 na 8.

Sasa hili naomba wasaidizi wote mlisome vizuri. Ule mrija mdogo wa mate, usimwambie mgonjwa aufungie midomo. Akifunga midomo, au mpira mkubwa ukifanya kazi wakati huohuo, mvuto wa ule mrija unaweza kuzidiwa, na yaliyokuwa kwenye mrija, yakiwemo ya mgonjwa aliyetangulia, yanarudi mdomoni mwake. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, walishalitaja kwenye miongozo yao ya 2003. Hatari inaongezeka mrija ukipita juu kuliko mdomo wa mgonjwa, kwa hiyo uteremke. Mwambie ateme kwenye mpira mkubwa au kwenye beseni, basi.

Na anayenunua pampu mpya, hesabu mipira inayofunguliwa kwa mara moja saa ambayo kliniki imejaa, sio idadi ya viti tu, na mwambie fundi bomba aweke mteremko na kona za pole, kona kali ya digrii 90 chini ya sakafu itakusumbua miaka na huwezi kuifikia bila kuvunja.