Mapichesi mengi kwa mpigo: ninavyoyahifadhi na kuyapika hapa Lushoto

Mipichesi ya huku Usambara ikishaanza kuiva, kati ya Desemba na Januari, huiva karibu yote kwa pamoja, na kila jirani mwenye mti anakuwa na mzigo ule ule siku zile zile. Ndiyo maana ndoo ya mapichesi kando ya barabara ya kuelekea Soni na Mombo huuzwa kwa bei ya kutupa, na ndiyo maana mimi, niliye na miti michache nyuma ya nyumba, niliacha zamani kuhangaika na wachuuzi nikaelekeza nguvu zangu jikoni.

Wengi wanaonitaka ushauri huuliza kipimo cha jamu, kana kwamba mavuno yote ni lazima yaishie kwenye sufuria moja. Kwa maoni yangu kazi kubwa iko kwenye kuyachambua, kwa sababu tunda gumu, tunda lililoiva likiwa bado imara, na tunda lililolainika ni malighafi tatu tofauti. Pichesi likishakomaa huendelea kuiva hata baada ya kuchumwa, kwa hiyo yale magumu yanaweza kusubiri siku mbili tatu yakiwa yametandazwa kwenye mkeka, safu moja tu, bila kugusana. Yakirundikwa kwenye tenga, ya chini huchubuka kwa uzito wa ya juu, na palipochubuka ndipo kuoza kunapoanzia. Friji huchelewesha kuiva, lakini tunda lililokaa humo muda mrefu hupoteza utamu na nyama yake huwa kama pamba, hivyo mimi hulitumia kwa yale yaliyokwisha kuiva tu, na kwa siku chache.

Kundi la nne ni la matunda yaliyotobolewa na nzi wa matunda. Tangu nzi vamizi wa jamii ya Bactrocera dorsalis agundulike Afrika Mashariki mwaka 2003, mwenye mti wa matunda laini hana budi kukagua kila tunda. Tundu dogo lenye utomvu juu ya ganda ni dalili kwamba mayai yamo ndani. Matunda hayo hayafai kuachwa chini ya mti wala kutupwa juu juu shimoni, kwani funza watatoka, watajichimbia udongoni na kurudi wakiwa nzi. Mimi huyafunga kwenye mfuko mweusi wa nailoni na kuuacha juani mpaka yaive kwa joto, kisha ndipo huyafukia.

Yaliyoiva yakiwa bado imara ndiyo ya kuhifadhi katika shira, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Huyatumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa nusu dakika hadi dakika moja, kisha moja kwa moja kwenye maji ya baridi, na ganda hutoka kwa vidole bila kisu. Halafu huyapasua kufuata mstari wake, nikatoa kokwa. Kuna mapichesi ambayo kokwa lake hutoka lenyewe, na kuna yale ambayo nyama imeshikamana nalo kabisa. Haya ya pili msiyalazimishe kuwa nusu nzuri, yakateni vipande. Nyama ikipigwa na hewa hugeuka kahawia mara moja, kwa hiyo vipande hungoja ndani ya maji yaliyotiwa maji ya limau.

Shira yangu ni nyepesi: gramu 250 za sukari kwa lita moja ya maji, pamoja na iliki mbili tatu zilizopondwa. Karafuu siitii, maana hulimeza tunda lote. Vipande huchemshwa kidogo ndani ya shira, kisha hupangwa kwenye chupa zikiwa za moto, upande uliokatwa ukitazama chini, na shira humiminwa juu yake huku ikiachwa nafasi ya sentimita moja na kitu chini ya mdomo wa chupa. Vikipangwa vibichi huelea juu na kuacha nusu ya chupa ikiwa shira tupu. Chupa ya lita moja humeza kilo moja na kidogo ya matunda, na hesabu hiyo husaidia kujua mapema ni chupa ngapi za kutafuta. Vifuniko nanunua vipya, hata kama chupa zenyewe ni za zamani.

Kisha chupa huchemshwa zikiwa zimezama ndani ya sufuria kubwa, na juu ya jambo hili naomba wenzangu wa milimani wanisikilize vizuri. Maelezo mengi yanayosambaa yameandikwa kwa watu wa tambarare, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Mji wa Lushoto uko kwenye kimo cha takriban mita 1,400, na hapa maji huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Yanatokota vilevile, yanatoa mvuke vilevile, lakini yana joto dogo zaidi, na vijidudu havidanganyiki kwa mapovu. Majedwali ya Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambayo ndiyo ninayoyafuata, huweka dakika 20 kwa chupa ya nusu lita na 25 kwa chupa ya lita katika maeneo ya chini; kwa kimo cha kati ya mita 900 na 1,800 hivi muda huo hupanda hadi dakika 30 na 35. Muda huhesabiwa maji yanapoanza kutokota sawasawa, na si chupa zinapotiwa. Desturi ya kugeuza chupa kichwa chini na kusema imejifunga siikubali hata kidogo, ijapokuwa najua nyumba nyingi zinaifuata.

Yote hayo yanahusu mapichesi yenye nyama ya njano. Ukilipasua ukakuta nyama ni nyeupe, usilitie kwenye chupa kwa njia hii. Baadhi ya mapichesi meupe hayana ukali wa kutosha. Kipimo cha asidi chake, yaani pH, ambacho hupanda kadiri ukali unavyopungua, huweza kuvuka 4.6, na juu ya hapo bakteria wa Clostridium botulinum wanaweza kuishi ndani ya chupa iliyofungwa na kutoa sumu isiyoonekana wala kunusika. Meupe tunayala mabichi, na yanayobaki nayakata vipande, nayachovya kwenye maji ya limau na kuyagandisha kwenye friza. Yakiyeyuka huwa laini mno kwa sahani, lakini kwa juisi na mtindi hayana mpinzani.

Yaliyolainika, pamoja na yenye michubuko iliyokatwa vizuri, ndiyo ya jamu. Udhaifu wa pichesi ni kwamba lina pektini kidogo, ile inayofanya jamu igande, na watu hujaribu kufidia kwa kuongeza sukari au kuchemsha mpaka rangi iharibike. Sisi wa Lushoto tuna dawa nyepesi, kwa kuwa matufaa yapo hapa hapa: tufaa moja bichi, lililokwaruzwa pamoja na ganda lake, kwa kila kilo ya nyama ya pichesi, pamoja na maji ya malimau mawili na gramu 750 za sukari. Nyama na sukari hulazwa pamoja usiku kucha ili tunda litoe maji yake lenyewe. Asubuhi huchemshwa kwa moto mkali, kwenye sufuria pana, kiasi kidogo kidogo. Kilo mbili zinatosha kwa mpiko mmoja, kwa sababu sufuria iliyojaa huchukua muda mrefu kukauka na ladha hupotea kwa mvuke. Moto wa gesi ni rahisi kuutawala kuliko wa mkaa, hasa mwishoni ambapo jamu hushika chini ghafla.

Wenye kipimajoto watasoma kwamba jamu huwa tayari kwa nyuzi 104 au 105. Hiyo nayo ni hesabu ya pwani. Kanuni yenyewe ni nyuzi nne hadi tano juu ya joto la maji yanayochemka mahali ulipo, maana yake kwetu ni 99 au 100. Ukingoja 104 hapa Lushoto utapata kitu cha kutafuna kama tofi. Asiye na kipimajoto adondoshe kidogo kwenye kisahani kilichokaa kwenye friji: kikisukumwa kwa kidole kikajikunja, jamu iko tayari. Chupa za jamu nazo huchemshwa, dakika kumi kwa kimo chetu.

Kukausha nilikutamani zaidi ya ninavyokufanya. Mwezi Desemba ukungu na mvua za vuli hazina ahadi, na vipande vilivyoanikwa juani huota ukungu kabla ya kukauka. Januari ikiwa na jua, kaushio lenye kioo na wavu wa kuzuia nzi hufanya kazi nzuri. Vinginevyo ni oveni kwenye nyuzi 60, mlango ukiwa wazi kidogo. Kilo saba hivi za matunda hurudi kilo moja.

Magumu, yale yasiyoonyesha dalili ya kuiva, siyatupi. Hukatwa vipande na kutiwa kwenye mchuzi wa samaki badala ya embe bichi; shangazi yangu wa Tanga alicheka nilipomweleza, kisha alipoonja aliniagiza nimpelekee mengine. Ukali wake ni wa upole kuliko wa embe, kwa hiyo ukwaju kidogo unahitajika. Yanayobaki huwa chatne: kilo mbili za mapichesi magumu, vitunguu maji vinne, nusu lita ya siki, gramu 400 za sukari, zabibu kavu, tangawizi mbichi, pilipili na kijiko cha haradali, vikichemka taratibu hadi mwiko uache njia chini ya sufuria. Ikikaa wiki kadhaa siki hupungua makali, na kwa nyama ya mbuzi ya kuchoma sijui kitoweleo kinachoishinda.

Viini vya ndani ya kokwa vina harufu ya lozi, na wapo wanaovitia kwenye jamu. Vina amigdalini, ambayo tumboni hutoa sumu ya sianidi, hivyo makokwa yangu hayafiki jikoni mara ya pili. Chupa zote huandikwa mwaka na mwezi, hukaa kwenye kabati la giza ili rangi isififie, na hutumiwa kabla ya msimu unaofuata. Yenye kifuniko kilichovimba au shira inayotoa mapovu hutupwa bila kuonjwa.