Siku niliyopanga foleni na wajawazito

Ilikua 2018, Jumamosi jioni pale viwanja vya Leaders, Dar, bonanza la maveterani, mimi nna miaka 41 na kitumbo kimeshaanza kutangulia. Mpira ukapigwa mbele nikakurupuka kuukimbilia, mara paa! mtu kanipiga teke la kigimbi kutokea nyuma, nikageuka na matusi mdomoni, nyuma hakuna mtu. Beki wa karibu yuko mita kumi huko kainama anafunga kamba za viatu.

Usiku jamaa mmoja wa timu akaja na dawa ya kuchua, ile ya moto, akanisugua mpaka machozi yakanitoka, maana wote tulishakubaliana ni msuli umekaza. Asubuhi kigimbi kimevimba kama papai. Hospitali ya kwanza nikapigwa eksirei, mfupa safi, nikapewa vidonge na bili (eksirei msuli haiuoni jamani, hilo nimekuja kulijua nishalipa).

Jumanne dokta mwingine akaniandikia altrasaundi. Nikamuuliza, samahani dokta, ile si ya akina mama? Akacheka tu. Kwenye benchi tuko saba, sita wajawazito na mimi na kitumbo changu, mama mmoja akaniuliza kaka unamsubiri wifi, nikasema ndio. Dakika mbili mbele likaitwa jina langu, nikainuka nachechemea, sikugeuka.

Ndani nikalala kifudifudi, nikapakwa jeli ya baridi, dokta akaanzia nyuma ya goti anabonyeza bonyeza na kile kichwa cha mashine, akasema mshipa wenye damu iliyoganda haubonyei, wangu ukalala bapa, tukapumua. Halafu akashuka kwenye kigimbi, kaka tazama hapa. Yani nyuzi za msuli unaziona kabisa, mistari imelala mshazari kama manyoya ya kuku, inakuja vizuriii mpaka upande wa ndani pale msuli unapoungana na kano, hapo inakatika, panakua peusi. Hilo giza ndo damu iliyovuja. Akaniambia nisukume unyayo taratibu, nikaona ncha zilizokatika zinavutika juu zinaliacha giza limekaa palepale, nikaacha kupumua. Akapima, sentimita 3 na ushee. Kisha akauliza, nani alikuchua? Nikanyamaza. Akasema siku za mwanzo barafu na bandeji ya kubana, kuchua na joto kunazidisha damu kuvuja.

Wiki ya tatu siskii maumivu, nishajiandikisha mechi ya Jumamosi kwenye grupu la Whatsapp, narudi kupimwa kama mtu anaefuata cheti chake. Giza limenywea kweli, limebaki jembamba, pembeni pameanza weupe weupe, ila mistari bado haijavuka upande wa pili. Nikabisha, dokta mbona natembea fresh? Hakunijibu, akanigeuzia skrini tu. Nikatoka nikafuta jina langu kwenye grupu, jamaa wakanicheka wiki nzima wakiongozwa na yule mchuaji.

Wiki ya nane mistari imeungana, pamebaki kidoa cheupe kidogo, dokta akasema hilo kovu, utazeeka nalo. Natoka pale nje nakutana na yule mama wa benchini, tumbo limekua kubwa kweli sasa, kanikazia macho:

"Kaka, na wifi bado tu?"