Siku moja maishani mwangu: kusubiri mawimbi ya sekunde 17

Saa 10:30 alfajiri

Kazi yangu ni kutabiri mawimbi ya rasi yetu kwa waokoaji, wavuvi na wanaoteleza juu ya mawimbi kwa mbao. Kitu cha kwanza ninachosoma kila siku ni boya, na ninalisoma kabla ya modeli yoyote ya kompyuta. Modeli inaniambia kinachotarajiwa. Boya linaniambia kilichopo. La kwetu limefungwa nanga kilomita 40 nje ya rasi, na kila nusu saa linatuma kimo cha mawimbi, kipindi chake (sekunde zinazopita kati ya wimbi moja na linalofuata) na upande yanakotoka.

Jana usiku lilionyesha mita 0.9 na sekunde 9. Sasa hivi ni mita 1.0. Anayetazama namba hiyo peke yake atajifunika shuka alale tena. Mimi nashuka hadi kwenye spektra, mchoro unaoonyesha nguvu ya bahari imegawanyika vipi kati ya vipindi vifupi na virefu. Pale kwenye sekunde 17 na 18, ambapo jana palikuwa patupu, pameota kilima kidogo. Yamefika.

Mawimbi haya nimeyasubiri tangu yalipozaliwa. Siku tatu nyuma dhoruba ilikaa upande wa kusini-magharibi, kilomita 3,000 hivi kutoka hapa, ikipuliza upepo wa zaidi ya kilomita 80 kwa saa kuelekea kwetu kwa muda wa siku nzima. Mambo matatu ndiyo yanayoumba mawimbi makubwa: kasi ya upepo, muda unaovuma bila kubadili uelekeo, na upana wa bahari unayoisukuma. Kimoja kikikosekana, vingine viwili haviwezi kukifidia.

Baada ya hapo kazi inakuwa ya hesabu. Kwenye maji ya kina kirefu, nguvu ya mawimbi yenye kipindi cha sekunde 17 husafiri kilomita 48 kwa saa hivi. Yale ya sekunde 13 huenda kilomita 36.5 tu. Yameondoka pamoja, lakini kwenye kilomita 3,000, yale ya sekunde 17 yanatumia saa 63 na yale ya sekunde 13 saa 82. Njiani bahari imeshajipanga yenyewe, yenye vipindi virefu mbele, yenye vipindi vifupi nyuma. Kwa hiyo nikiona sekunde 17 alfajiri hii, najua nguvu kubwa ya dhoruba ile, ambayo imejikusanya kwenye sekunde 15, itafika kama saa nane baadaye. Yaani mchana.

Saa 12 asubuhi

Niko juu ya jabali, na mwanga ndio kwanza unatosha kuona mstari wa povu. Upepo ni wa nchi kavu, mwepesi, unavuma kutoka nyuma yangu kwenda baharini. Huu ndio upepo tunaoutaka. Unalizuia wimbi kidogo lisianguke mapema, na uso wake unabaki laini.

Saa ya kupimia muda ninayo mkononi. Nachagua jiwe moja linalojitokeza majini, wimbi likipita hapo naanza kuhesabu, nikifika la kumi baada ya hilo nasimamisha na kugawanya kwa kumi. Napata sekunde 16 na kidogo. Boya halikudanganya.

Maji yanapwa, yatafika chini kabisa saa 1:30. Leo si siku ya bamvua, kwa hiyo tofauti ya kupwa na kujaa ni ya wastani. Nimefurahi, maana bamvua hapa huharibu hesabu zote za mchana.

Saa 1 asubuhi

Wengi huniuliza kwa nini nahangaika na kipindi wakati watu wanataka kujua kimo tu. Jibu lote liko chini ya jabali hili.

Wimbi la sekunde 8 lina urefu wa mita 100 hivi kutoka mgongo hadi mgongo, na huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha nusu ya urefu huo, mita 50. Wimbi la sekunde 17 lina urefu wa mita 450, nalo linaihisi sakafu kwenye kina cha mita 225. Limeanza kuongea na ardhi likiwa bado mbali sana na ufuko. Sehemu inayofika kwenye maji mafupi inapunguza mwendo, iliyoko kwenye maji marefu inaendelea kwa kasi, na wimbi zima linapinda, kama safu ya watu walioshikana mikono ambapo wa pembeni mmoja ameingia matopeni.

Rasi yetu inachungulia kusini, na ufuko wake umejificha ukitazama kusini-mashariki. Mawimbi yanatoka kusini-magharibi. Ukichora kwa rula, hayapaswi kufika humu ndani kabisa. Yanafika kwa sababu ya mpindo huo, na mawimbi yenye kipindi kirefu yanapinda zaidi kuliko yenye kipindi kifupi. Kukiwa na mita 2 za sekunde 8 kutoka upande huohuo, nje kutachafuka kweli, lakini nyingi zitapita moja kwa moja na humu ndani watu watarudi na mbao zao zikiwa kavu. Kukiwa na mita 1.2 za sekunde 17, wimbi linaizunguka ncha ya rasi, linaanza kuvunjika kwenye jiwe la kwanza, na linaendelea kujifungua kulia mwa anayeliteleza, sehemu baada ya sehemu, hadi kwenye mchanga.

Na kuna kimo chenyewe. Wimbi lenye kipindi kirefu hubeba nguvu nyingi, na likifika majini mafupi hupanda. Mita 1.2 za sekunde 8, zikija moja kwa moja ufukoni, zitavunjika zikiwa na mita 1.6 hivi. Mita 1.2 za sekunde 17 zitavunjika zikikaribia mita 2.2. Boya linaonyesha kimo kilekile kwa yote mawili! Mpindo unapunguza kiasi fulani, kwa kuwa nguvu inatandazwa kwenye ukingo mrefu zaidi wa ufuko, lakini tofauti inabaki. Ninaamini kabisa kwamba utabiri wa rasi unaotaja kimo bila kipindi na uelekeo haustahili kutumwa kwa mtu yeyote.

Saa 2 asubuhi

Natuma utabiri wa asubuhi kwa waokoaji, kwa walimu wa kuteleza na kwa wavuvi wa mashua ndogo. Mawimbi yataongezeka taratibu hadi mchana. Upepo wa nchi kavu hadi saa 4 au 5, kisha utageuka. Maji yatajaa saa 7:40. Wanaojifunza wasishuke upande wa ncha leo, hata kama bahari itaonekana imelala.

Sentensi hiyo ya mwisho naiandika kwa herufi nzito.

Saa 3:15 asubuhi

Simu inalia. Ni mwalimu wa wanafunzi wapya, yuko chini ufukoni na kundi lake.

“Kaka, habari za asubuhi. Hivi umeangalia bahari? Imetulia kama nini. Wanafunzi wangu wananiuliza kwa nini tumewanyima ncha.”

“Nzuri, dada. Umekaa hapo muda gani?”

“Dakika kumi hivi.”

“Naomba ukae ishirini nyingine, tena usikae chini. Panda hapa juu uje nao wote.”

Wakaja. Tulisimama tukitazama maji ambayo kweli yalikuwa yametulia, na wawili watatu walianza kunitazama mimi badala ya bahari. Kisha upeo wa macho ukaingia mistari. Mmoja, wa pili, wa tatu, mipana na meusi kidogo. Wimbi la kwanza lilipinda kwenye ncha na kuvunjika mahali ambapo dakika chache nyuma mmoja wao alionyesha kwa kidole kuwa pangefaa kuingilia majini. Yakafuata mengine manne, la nne likiwa kubwa kuliko yote. Baadaye, kimya tena.

Nikawaeleza. Mawimbi yaliyosafiri mbali hayaji moja moja kwa mpangilio sawa. Yanakuja kwa seti. Hali hiyo inatokea mawimbi yenye vipindi vinavyokaribiana yanapopandana. Mahali migongo inakutana, yanakuwa makubwa. Mahali mgongo unakutana na bonde, yanafutana. Vipindi vikiwa virefu, na hasa mwanzoni wakati yanayotangulia ndiyo kwanza yanafika, kimya kati ya seti na seti kinaweza kuwa kirefu sana. Mtu anashuka, anaoga, anaketi juu ya jiwe, anageuza mgongo. Hicho kimya ndicho ninachokiogopa kuliko upepo wa dhoruba, kwa sababu dhoruba inamwonya mtu na kimya hakimwonyi.

Niliongeza na jambo la namba. Kimo ambacho boya linatoa ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, si kikomo. Ukisimama saa kadhaa, tarajia wimbi moja linalokaribia mara mbili ya namba hiyo.

“Basi tunabaki kule mwisho, kwenye mchanga,” mwalimu akasema, naye akawapeleka huko, mahali ambapo wimbi lilikuwa limeshapoteza nguvu njiani. Walipata asubuhi nzuri.

Saa 5 asubuhi

Upepo umegeuka. Nchi kavu imepata joto, hewa juu yake inapanda, na hewa ya baharini inaingia kuchukua nafasi. Uso wa maji umeanza kukwaruzika. Sina cha kufanya nao zaidi ya kuandika muda.

Saa 7 mchana

Boya sasa linasema mita 1.9 na sekunde 15. Kilele kimefika karibu na saa niliyokadiria alfajiri, lakini rasi inaonekana vibaya. Maji yamejaa karibu kabisa, mawimbi yanakwenda kugonga mawe ya ukingoni na kurudi, yale yanayorudi yanapambana na yanayoingia, na upepo unayavuruga yote.

Anayefika saa hii na kuondoka atasema utabiri ulikuwa uongo. Lakini wimbi huvunjika pale kina kinapokuwa kama mara 1.3 ya kimo chake. Maji yakijaa, kina hicho kinasogea hadi kwenye mawe. Yakipwa, kinarudi nje, kwenye ulimi wa mawe uliolala sambamba na njia ya wimbi, na wimbi linapata tena mahali pa kujifungulia. Nguvu ipo. Inasubiri sakafu.

Natumia muda huu kusoma modeli mpya. Zinaendeshwa mara nne kwa siku, kuanzia saa sita usiku kwa saa ya kimataifa (UTC), kila baada ya saa sita. Nazipenda na nazitegemea, ila modeli ya dunia nzima inayoigawa bahari kwa miraba ya robo digrii, karibu kilomita 28 kwa upande kwenye ikweta, haiwezi kuiona rasi yangu. Kwake hapa ni maji tu, au ni nchi tu. Nafasi iliyobaki kati ya mraba huo na jiwe la kwanza inajazwa na mtu anayeijua sakafu.

Kila ninapofanya hesabu hizi nawakumbuka wanasayansi wa bahari Harald Sverdrup na Walter Munk, walioweka misingi ya utabiri wa mawimbi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ili majeshi yajue siku ambayo vyombo vingeweza kufika ufukoni. Mbinu zao zilitumika majeshi yaliposhuka Normandy, Ufaransa, mwaka 1944. Mwaka 1963 Munk na wenzake waliweka vituo vya kupimia kuanzia New Zealand hadi Alaska, wakayafuatilia mawimbi ya dhoruba za kusini yakivuka Bahari ya Pasifiki yote, na wakaona kwamba yakishatoka karibu na dhoruba hupoteza nguvu kidogo sana njiani. Nikiona kilima kile cha sekunde 17 kwenye spektra, naona kazi yao.

Saa 10 jioni

Maji yameshuka vya kutosha, upepo umelegea, nami nachukua ubao wangu. Kuingia ni sehemu ya kazi. Kuna mambo ambayo jabali haliyaonyeshi. Kwa mfano mkondo. Mawimbi yanayovunjika kwa mshazari yanasukuma maji kandokando ya ufuko, na leo mkondo huo una nguvu kiasi kwamba ukiacha kupiga makasia kwa mikono unajikuta umeachwa mbali na ncha. Hilo nitaliandika.

Seti inaingia. Naliacha la kwanza, nalikamata la pili. Linasimama polepole, linafunguka mbele yangu, bega lake, sehemu ambayo bado haijavunjika, liko wazi, na ninasikia povu likianguka nyuma tu ya kisigino bila kunipita. Kasi ya kuvunjika kwake ni ileile ambayo mtu anaweza kuimudu. Wimbi lingekuja likiwa sambamba na ufuko, lingeanguka lote kwa pamoja. Mshazari huu ndio unaotupa safari ndefu, na umetengenezwa na mpindo ule nilioueleza asubuhi.

Saa 1:30 usiku

Nalinganisha. Modeli ilitoa mita 1.7 kwa mchana, boya likapima 1.9. Kipindi kimelingana. Upepo umegeuka ndani ya muda nilioukadiria, ila umetulia mapema kuliko ilivyotarajiwa. Naandika vyote, pamoja na muda ambao maji yaliacha kugonga mawe wakati wa kupwa, kwa kuwa muda huo ndio unaonisaidia zaidi kwenye mawimbi yajayo ya upande huu.

Halafu kesho. Kipindi kitashuka hadi sekunde 13 na kimo kitarudi kwenye mita 1.5. Kwa haraka haraka mtu atasema inaisha. Lakini dhoruba ilikuwa ikisogea mashariki wakati inapuliza, na mawimbi yaliyotoka mwishoni mwake yanakuja kutoka nyuzi 205 za dira badala ya 225, yaani kusini zaidi. Nyuzi 20 hizo zinaizungukia rasi kutoka upande ulio wazi zaidi, na hayatahitaji kupinda sana ili kuingia ndani. Ufuko unaweza kupokea karibu sawa na leo, tena kwa seti zinazokaribiana.

Ninatuma: “Kesho kuanzia alfajiri hadi saa 4, upepo wa nchi kavu, maji ya chini saa 2:20 asubuhi. Kimo kitapungua zaidi nje kuliko ndani. Vimya kati ya seti vitakuwa vifupi. Mkondo wa kandokando bado una nguvu. Ingieni juu ya ncha, tokeni kwenye mchanga. Wanaojifunza wabaki mwisho wa ufuko hadi nitume tena saa 2.”